Kondoo wa Kufunga Shimo

Weye unayesoma hii, sema ukweli. Ulishashika kamba ya nyama wa kufugwa, kamba ikakuvuta mkono, ukageuka umgombeze... ukakuta nyama mwenyewe amesimama, kamba imelegea, anatafuna majani yake kama mtu asiye na habari?

Hapana?

Basi una bahati. Jaël hakuwa nayo.

Jaël ni licenciée, mwenye digrii ya chuo. Métallurgie, elimu ya kuyeyusha madini, mention distinction, kama distinction inaweza kupikwa na sombe, majani ya mihogo. Diploma yake iko ndani ya plastiki, imelala juu ya armoire, kabati la nguo, panya wameshaionja pembeni. Tangu siku alipovaa toge ya mahafali amezunguka mji wote wa Likasi, kampuni kwa kampuni, enveloppe ya kaki mkononi, na kila mlinzi wa kila barrière amemwambia maneno yale yale: weka hapa, tutakuita. Hawakuita. Wanaoitwa ni bamwipwa, wapwa wa bakubwa, vijana wasiojua kutofautisha cathode ya shaba na sufuria. Sasa Jaël anauza unités za simu chini ya parasol, na walimu wake wa zamani wakija kununua kwake wanaangalia pembeni.

Aliyemlipia masomo hakuwa Papa wala serikali. Alikuwa Rolly, mdogo wake. Rolly aliacha shule ili yaya yake, dada yake mkubwa, aendelee. Alishuka mashimo ya shaba ya upande wa Kakanda, na kila mwanzo wa mwaka alirudi na uso wa kijani kwa vumbi la malachite, na minerval, ada ya chuo, ndani ya soksi. Shimo ndilo lililomsomesha Jaël. Mtu asije kumwimbia habari za jitihada.

Kisha mvua ikanyesha, na mlima ukashuka juu ya Rolly na wenzake.

Société, kampuni yenye concession, haki ya kuchimba pale, haikungoja hata kilio kianze vizuri. Ilileta mashine, ikasukuma udongo, ikasawazisha, mahali pakawa laini kama uwanja wa mpira. Ni kwa usalama, walisema. Kamba ilikatika, walisema. Hakuna aliyepona, walisema. Hawakutoa mwili hata mmoja. Creuseurs, wachimbaji waliokuwa juu, walileta nyumbani kilichobaki: kipande cha kamba ya nylon ya Rolly mwenyewe, ile aliyofungwa nayo kiunoni akishuka. Mama yao, Maman Élisabeth, akaitundika nyuma ya mlango. Mpaka leo analala chini, juu ya mkeka wa matanga. Unafungaje matanga bila kaburi?

Ndipo akaja Monsieur Albert.

Monsieur Albert ni mtu wa "relations communautaires" wa ile société, wa kuzungumza na raia. Anavaa shati jeupe lisilopata vumbi, sijui anafanyaje, na anaongea kama mtu anayefunga ibada. Alikaa kwenye kiti cha pekee cha nyumba, akaeleza. Société inataka kufungua shimo jipya karibu na lile la zamani. Wafanyakazi wanakataa kushuka, wanasema chini kunagongwa. Chef wa udongo, mzee mwenye ardhi, amesema jambo haliwezi kuisha bila desturi. Desturi ni kondoo. Kondoo hana sauti akichinjwa. Familia ya waliokufa ikimla pamoja na wenye mgodi, nayo inanyamaza. Hakuna tena wa kulia, hakuna tena wa kudai mwili. Na kondoo huyo lazima afikishwe kwenye kisu na mkono wa mtu wa damu ya marehemu. Ndiyo ruhusa yenyewe.

"Weye njo mukubwa wa familia," Albert alimwambia Jaël. "Na tena ulisoma. Ku laboratoire yetu tunahitaji mutu wa hydro, wa kusafisha shaba. Lundi unaanza. C'est quand même une belle occasion, bahati kabisa."

Maman Élisabeth aligeuza uso kwenye ukuta. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Jaël alisema ndiyo. Msimhukumu haraka. Rolly amekufa, alijiambia. Mtu aliyekufa hafi tena kwa sababu ya kondoo. Lundi, Jumatatu. Blouse nyeupe. Badge yenye jina.

*

Mfuga kondoo alikuwa Maman Madeleine, mwenye shamba dogo upande wa Buluo: mihogo, mahindi, mbuzi wachache, kondoo wachache zaidi. Kutoka pale mpaka butchery ya Shituru, bucha ambapo kondoo angechinjiwa, ni mwendo wa miguu. Jaël alijaribu moto, pikipiki ya abiria. Mwenye moto alimwangalia kondoo, akaangalia siège, kiti chake kipya, akawasha, akaenda zake.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Maman Madeleine alimtoa kondoo ndani ya lupango, ua wake: mweupe, uso mweusi, mnene. Akamfungua kamba yake ya katani shingoni, akaizungusha mkononi mwake.

"Kamba yako iko wapi?"

"Si hiyo hapo, Maman?"

"Hii yangu inabaki. Nyama inauzwa, kamba haiuzwe. Kamba ikitoka na huyu, benzake bote batamufuata, nitabaki na lupango tupu. Hukuambiwa?"

Aliambiwa. Ndiyo maana alikuja na kamba kwenye mfuko wa plastiki. Kwao hakukuwa na nyingine. Asubuhi alikuwa amenyoosha mkono nyuma ya mlango, akaitoa, na Maman Élisabeth juu ya mkeka hakugeuka.

Maman Madeleine aliishika ncha, akaivuta vuta kati ya vidole. Udongo mwekundu uliokauka ukadondoka.

"Hii ya nini?"

"Ya... ya kutekea maji. Ya puits."

"Ku puits gani kuko udongo hivi?" Alinusa vidole vyake, akavipangusa kwenye pagne, kitenge chake. Aliongeza kwa sauti ya chini: "Mutoto yangu, hii kamba ilishabeba mutu?"

"Maman, giza linaingia. Nipe kondoo niende."

Akampa. Lakini hakumsindikiza hadi njiani kama watu wanavyofanya. Alifunga lupango, akasimama ndani, akiangalia mpaka mahindi yakawaficha.

*

Kondoo alitembea vizuri. Hiyo ndiyo iliyomuudhi Jaël zaidi. Mbuzi angepiga kelele, angekataa, angelala chini katikati ya barabara na kuita ulimwengu wote uje ushuhudie. Kondoo anafuata tu. Sawa na sisi, aliwaza. Unatuvuta huku, tunakuja. Unatuambia kamba ilikatika, tunasema merci chef.

Camions, malori ya mgodi, zilipita, zimebeba acide, zimebeba cathodes, zimebeba mlima wote kidogo kidogo kwenda kwa watu wengine, zikaacha vumbi likining'inia. Kisha zikakoma. Njia ikawa kimya. Anga upande wa Shituru ilikuwa rangi ya kutu, moshi wa usine, kiwanda cha shaba, umelala chini, na ile harufu ilishaanza... kiberiti, chuma, kitu cha kukwaruza koo.

Kamba ikamvuta mkono.

Mara mbili.

"Endelea," Jaël alimwambia kondoo bila kugeuka. "Usinichokeshe."

Akatembea.

Mara mbili tena. Kuvuta kufupi, kuvuta kufupi. Akageuka.

Kondoo alikuwa amesimama nyuma yake kabisa, karibu amguse. Kamba kati yao ilikuwa imelegea, imeinama kama kamba ya kuanikia nguo. Kondoo alikuwa anatafuna.

Na kamba ikamvuta mkono. Haikumvuta upande wa kondoo.

Ilimvuta chini.

Hapo ngozi ya mgongo wake ilijua kabla yeye hajajua. Rolly alimfundisha jambo hili siku moja jioni, wakila bukari, ugali wao, akitumia kamba ya nguo za mama yao. Alikuwa anacheka. "Yaya, angalia. Hii njo téléphone yetu ya mu shimo, na haiombe unités zako. Mutu wa chini akivuta mara moya, maana yake: nimefika, acha. Akivuta mara mbili: unitoshe."

Unitoshe. Nitoe.

Jaël alisimama pale njiani. Alivuta pumzi yenye ladha ya kiberiti. Alijipa maelezo, kwa maana mtu aliyesoma hakosi maelezo: mkono umechoka, damu inagonga kwenye kidole, camion nzito inatikisa udongo kutoka mbali.

Hakukuwa na camion.

"Rolly," alinong'ona, na hasira ikampanda mahali woga ulipaswa kuwa. "Rolly, acha. Niko na kazi lundi. Unasikia? Diplôme ulilipa weye mwenyewe, sasa kazi unanikatalia? Ulitaka nifanye nini? Niuze unités mpaka nizeeke?"

Kuvuta kufupi. Kuvuta kufupi.

Akaanza kwenda haraka, karibu kukimbia, na kondoo akakimbia naye bila sauti.

Penye reli alikutana na muuza makala, makaa ya kupikia, mzee aliyekuwa anasukuma vélo, baiskeli iliyojaa magunia. Njia pale ni nyembamba. Mzee alisogeza vélo yake kwenye majani, akavua kofia, akangoja. Jaël na kondoo wakapita. Mzee hakurudi njiani. Aliendelea kungoja, kofia mkononi, macho yakipita taratibu nyuma ya Jaël, kama mtu anayepisha msafara.

"Papa, pita sasa," Jaël alisema. "Ni minye paka, peke yangu."

Mzee alimwangalia kwa lawama.

"Maman, unaenda mbio hivi, juu ya nini? Angalia ba nyuma yako. Balichoka. Bote banajaa udongo mpaka mu macho. Hauwezi kubangoja kidogo?"

Jaël hakugeuka.

Alisikia. Nyuma yake, kwenye mawe ya reli, kulikuwa na sauti ya changarawe ikisogea... ikitulia... ikisogea. Sauti ya miguu isiyo na viatu, isiyo na haraka. Harufu ya kiberiti ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na harufu nyingine, ya baridi, ya udongo uliofunguliwa sasa hivi.

Hakugeuka mpaka taa za kwanza za Shituru.

*

Taa zenyewe zilikuwa chache. Délestage, mgao wa umeme. Nyumba za zamani za wafanyakazi zilikaa gizani kama meno yaliyooza, na usine peke yake iliwaka, maana umeme wa kuyeyusha shaba haukosi kamwe. Unaokosekana ni wa kusomea watoto.

Butchery ilikuwa na lampe ya batri juu ya meza. Nje, jeep ya société. Ndani ya uwanja wa kuchinjia, Monsieur Albert amesimama juu ya simenti, mkononi ana dumu, bidon ya njano. Ya mafuta ya kula, imesafishwa. Hakutaka, alisema, kuchinja kule mgodini mbele ya wageni. Watafikiri sisi ni washenzi. Kwa hiyo kondoo achinjwe hapa, damu iende Kakanda ndani ya bidon, nyama ndani ya glacière, sanduku la barafu. Desturi ya wazee, version light.

"Enfin," alisema. "Mademoiselle, tulikuwa tunakungojea."

Mwenye kisu alikuwa Franck. Jaël alimjua, Likasi nzima ilimjua. Franck ndiye aliyekuwa mtu wa kamba wa Rolly: anasimama juu ya shimo, anamshusha mwenzake, anamngoja, anamtoa. Baada ya msiba hakurudi tena karière, kule mashimoni. Ghafla akawa na butchery, frigo mpya, enseigne, bango lililopakwa rangi. Kwenye matanga hakuja. Watu walisema ni huzuni.

"Bonsoir, yaya Franck."

"Licenciée." Hakumwangalia usoni. "Lete kamba."

Akaipokea. Mikono yake mipana ikafunga.

Na kamba ikavuta. Mara mbili.

Jaël aliona. Hakuota, hakuchoka, si camion. Aliona vifundo vya vidole vya Franck vikishuka chini mara mbili. Kisha akaona jambo baya kuliko hilo: mwili wa Franck ukajibu wenyewe. Miguu ikatanuka. Magoti yakainama kidogo. Kamba ikapita begani kwake, na kisu kikaanguka kwenye simenti. Mtu wa kamba yuko kazini.

"Nani iko chini?" Franck alinong'ona.

Alikaza kamba, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Nani iko chini?"

Kondoo alisimama kati yao, akitafuna.

"Franck, chinja," Albert alisema. "Barabara ni mbaya, nataka kurudi mapema. Qu'est-ce que tu fais? Unafanya nini?"

"Inavuta mbili, chef."

"Ni nyama inavuta. Chinja."

"Inavuta mbili. Sawa ile siku." Jasho lilimtoka Franck puani, likadondoka. "Ile siku pia ulisema vile. Ulisema ni udongo njo unavuta. Asubui yote, chef. Asubui yote ilikuwa inavuta mbili mbili."

Jaël alisikia kila neno. Yalimwingia taratibu, moja moja.

"Kamba ilikatika," alisema. "Mulituambia ilikatika."



Jaël alishika ncha ya kamba iliyokuwa inaning'inia, akaileta kwenye lampe. Ilikuwa imekatwa sawasawa. Bapa. Nyuzi zote urefu mmoja. Yeye, mwenye distinction, aliyefanya travaux pratiques, majaribio ya maabara, juu ya jinsi vitu vinavyokatika vikivutwa, alikuwa ameiangalia ncha hii kila siku nyuma ya mlango na kukataa kuielewa. Kitu kilichokatika kwa uzito kinachanika, kinarefuka, kinaacha nywele. Hii haikuacha nywele.

"Nani alikata?"

"Minye," alisema Franck.

"Nani alikuambia ukate?"

Franck aliangalia bidon ya njano. Hakuangalia kitu kingine.

"Écoutez," alisema Albert. Sauti ya ibada ilikuwa imemtoka. "Mlima ulikuwa unashuka. Kila mutu alikuwa karibu ya lile shimo, angekufa. On ne pouvait pas tout arrêter, kusimamisha kazi yote, pour... Une décision, il faut bien que quelqu'un la prenne. Lazima mutu aamue. Na weye, mademoiselle, lundi unaanza kazi, ou bien?"

Jaël alipiga magoti mbele ya kondoo. Fundo alilifunga mwenyewe, akalifungua mwenyewe. Kamba ikatoka shingoni. Kondoo akatikisa masikio, akatembea kwenda mlangoni, akatoka nje.

"Mushikeni," Albert alisema. Akaweka bidon chini, akainyakua kamba mikononi mwa Franck, kama mtu anayesahau kwamba mwisho wake hauna tena kitu.

Kamba ikakaza.

Hakuna kondoo. Hakuna mtu. Ncha ile iliyokatwa bapa ilikuwa imetambaa juu ya simenti, imefuata mfereji mdogo wa damu, imeingia kwenye tundu la ukutani, chini kabisa, lile ambalo maji ya kuoshea yanapitia. Na sasa kamba yote ilikuwa imenyooka kama waya, kutoka tunduni mpaka mikononi mwa Monsieur Albert.

Mara mbili.

Viatu vyake vizuri viliteleza. Alianguka kwa magoti. Akajaribu kuachia, lakini kamba ilikuwa imejizungusha kwenye kiganja. Ikamsogeza. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayevuta ndoo. Mkono ukaingia tunduni mpaka kwenye saa. Mpaka kwenye kiwiko. Shati jeupe likalala katika maji mekundu ya nyama ya jana.

Hakupiga kelele. Kifaransa kilimtoka chote.

"Inanivuta," alisema polepole. "Mama... inanivuta. Munisaidie."

Jaël alisimama juu yake. Nataka mjue kwamba alisimama kwa muda. Lampe iliwaka. Usine ilinguruma nyuma ya nyumba.

"Vuta mara mbili, chef," alimwambia. "Huenda juu kuko mutu atakusikia."

Ni Franck aliyeshindwa kuvumilia. Alijitupa, akashika kamba mbele ya mkono wa Albert. Akaegemea nyuma. "Licenciée, kamata," alisema. Na Jaël akakamata, si kwa ajili ya Albert, Mungu anajua. Alikamata kwa sababu upande wa pili mtu alikuwa anaomba, na hii mara ya pili asingekuwa yeye wa kukata.

Wakavuta.

Mkono wa Albert ukatoka, umechunika, wa kijani mpaka kwenye kiwiko. Akajikokota ukutani. Wao wakaendelea kuvuta. Kamba ilitoka tunduni... ikatoka... ikatoka. Kipande alichokuja nacho Jaël kilikuwa cha kumfunga kondoo tu. Hiki kilikuwa kinalundikana miguuni mwao, kizito, kimelowa udongo mwekundu ule ambao Shituru haina. Franck alikuwa anapapasa akivuta, anatafuta mahali alipopitisha kisu chake. Hakupaona. Hakukuwa na fundo, hakukuwa na kiungo. Kamba moja, nzima, kama siku iliponunuliwa.

Uzito ulikuwa wa mtu. Jaël hajawahi kumtoa mtu shimoni, lakini alijua. Ulikuwa unasaidia: unapumzika, unajisukuma, unapumzika.

"Rolly, kuya, njoo juu," alikuwa anasema kwa meno yaliyofungwa. "Kuya. Kuya, mudogo yangu."

Kisha kamba ikavutwa mara moja.

Nimefika. Acha.

Ikalegea. Mwisho wake ukateleza kutoka tunduni, ukalala juu ya simenti mbele ya lampe. Ulikuwa na kitanzi, kile cha kupita kiunoni. Kitupu.

Jaël aliinama, akaweka mkono ndani.

Kilikuwa na joto.

*

Monsieur Albert aliondoka bila kuaga. Bidon ya njano ilibaki. Kesho yake société ilisema aliumwa na mbwa. Kazi ya lundi haikuzungumzwa tena; sasa yuko pale mpwa wa mtu.

Franck amefunga butchery. Jioni anakuja kwa Maman Élisabeth, anakaa mlangoni bila kuingia, na Maman hajamfukuza wala hajamkaribisha. Kondoo alionekana asubuhi mbali na mji, kwenye barabara ya Kakanda, amesimama katikati. Camions zilimzunguka. Hakuna dereva aliyetaka kumgusa, na huko Kakanda wafanyakazi bado hawashuki.

Kamba imerudi nyumbani. Hawakuitundika. Iko juu ya mkeka, na ncha yake Maman Élisabeth ameizungusha kwenye kiganja.  Jua likikaribia kuzama, ukikaa naye, utauona mkono wake. Unaenda chini kidogo. Mara mbili. Na mama anakaza vidole, anangoja.

Nani alifika, kama Rolly bado anaomba? Nani alitoka kwenye kile kitanzi, mbele ya macho yao, na yuko wapi sasa ndani ya mji huu? Jaël hajui. Anachojua ni kwamba wenzake Rolly nao walikuwa na mama.

Tumesikia, sisi ndugu wa waliobaki chini, kwamba ninyi wa société mmeanza kuzunguka kwa familia nyingine. Kwamba mnatafuta kondoo mwingine, na mkono mwingine wa kumleta, na mnaahidi kazi nyingine ya lundi. Kwa hiyo sikieni, ninyi mabwana wa société, na ninyi mliotia sahihi kwamba kule chini hakuna mtu. Hatutaki nyama yenu. Hatutakula, hatutanyamaza. Rudisheni ile mashine mahali pale pale ilipopita, ifungue shimo, mbele ya mama zetu, mchana kweupe. Na yule aliyesema "kata" aje yeye mwenyewe, avue saa, ashike kamba kwa mikono yake. Asitusikilize sisi. Asikilize kamba. Akivutwa mara mbili, avute.